Mkubwa wa Kwenye Karatasi

Hapa Louisville, Amerika, mtu mweusi mrefu hanunui maziwa kwa amani. Awe kwenye kituo cha mafuta, awe kwenye foleni ya leseni ya udereva, lazima atokee mtu wa kumwinulia macho na kumuuliza: "Unacheza mpira wa kikapu?" Mimi nina futi sita na inchi tano. Nikijibu kwamba sichezi, wanasikitika, utadhani nimewanyima kitu chao. Mwaka wa 2014 nilianza kuwajibu kwamba mimi sichezi ila ndugu yangu anacheza, tena kwa kulipwa. Hapo macho huwatoka. "Basi huyo atakuwa mrefu kuliko wewe!" Ndugu yangu ana futi tano na inchi tano. Akisimama pembeni yangu, kichwa chake kinafika kwapani. Sikuwaambia hilo. Niliwaacha wamrefushe wenyewe vichwani mwao, kwa sababu kumsifu kwa kinywa changu kulinishinda.

Niseme mapema: nilimwonea wivu. Nililala nao na kuamka nao, na ulianzia kwenye neno moja ambalo mama alilielewa kivyake.

Tulitoka milima ya Kivu Kusini tukafikia kambi ya wakimbizi Tanzania. Baba alikuwa ameshafariki. Siku ya kuandikishwa kwa safari ya Amerika, karani alikuwa Mtanzania mwenye Kiswahili cha kunyooka. Alitutazama sisi wawili tulivyokaa kwenye benchi, akamuuliza mama, "Mkubwa ni yupi?" Sasa, wiki ileile walikuwa wamegawa nguo, na wagawaji waliuliza swali hilohilo ili wajue nani apewe suruali ndefu. Mama akaelewa kwamba anaulizwa mwenye mwili. Mtoto wa kwanza kwetu anaitwa yaya, awe wa kiume au wa kike, na karani hakusema yaya. Hata angelisikia neno hilo, yeye mwenyewe angefikiria mlezi wa watoto, maana ndivyo Watanzania wanavyolitumia. Basi mama akaninyooshea kidole mimi.

Mimi nilikuwa mdogo kwa miaka mitatu. Kati ya miaka miwili ya kuzaliwa aliyotaja mama, karani akanipa mimi wa yaya, na yaya akapewa wangu. Siku na mwezi havikumsumbua, maana kwenye karatasi wakimbizi wote tumezaliwa tarehe mosi Januari. Jirani aliyejua kusoma ndiye aliyetugundulia, karatasi zikiwa zimeshapigwa mihuri. Mama alishika kichwa. Kurekebisha kungetufanya tuonekane waongo, na waongo hawapandi ndege. Tukanyamaza.

Tulitua Louisville nikiwa na miaka kumi na sita ya kweli na kumi na tisa ya karatasi. Yaya alikuwa kinyume changu. Mama mmoja wa shirika lililotupokea alisoma karatasi, akampeleka yaya sekondari, mimi akanitafutia kazi kwenye ghala moja upande wa Okolona. Asubuhi ya kwanza tulisimama sote barabarani. Yaya alikuwa na begi mgongoni, ndevu amezinyoa mara mbili, anasubiri basi la njano la shule. Mimi nilivaa viatu vyenye chuma vidoleni, nasubiri gari la wenzangu wa kazini. Aliniangalia, akainamisha macho. Sikumhurumia hata kidogo.

Ghalani walifurahi kuniona. Maboksi ya rafu za juu yakawa yangu, maana sikuhitaji ngazi. Mkataba wa nyumba nilisaini mimi, bili ya umeme ikaja kwa jina langu, lakini ndani ya nyumba sheria ilibaki ileile ya milimani. Yaya akiongea, mimi nanyamaza. Kabla yaya hajakaa mezani, mimi sishiki kijiko. Narudi mgongo unaniuma kwa kuinua maboksi tangu alfajiri, mama ananiambia, "Pelekea yaya yako mayi, ametoka ku entraînement." Nilimpelekea hayo maji mtu aliyetoka mazoezini. Kwa Wamarekani nilikuwa mkubwa wa kufanya kazi, nyumbani nilikuwa mdogo wa kutumwa, na shule sikuiona.

Yeye shuleni aliwaka. Mpira alikuwa ameujua kambini, kwenye kiwanja cha vumbi chenye goli moja, akiudunda chini kabisa, karibu na vifundo vya miguu, mahali ambapo warefu hawafiki bila kuinama. Mimi pia ni yeye aliyenifundisha. Alinishika mkono wa kushoto, uliokuwa mgumu kama mwiko, akaurudisha kwenye mpira mara mia. "Weye uko na urefu, donc usikimbie. Simama, nyoosha mukono." Nilikuwa naanza kuweza tulipopanda ndege. Ghalani hakuna goli.

Baada ya sekondari chuo kimoja kidogo kilimchukua kwa miaka miwili, kisha timu ndogo ya kulipwa ya Columbus ikamfanyia majaribio na kumbakiza. Mimi na mama tulienda kumwona, mwendo wa saa tatu na ushee kwa gari, na mimi ndiye niliyeshika usukani. Kabla ya mchezo alinivuta pembeni. Waburundi na Wakongo huwa wanakuja kuangalia, akasema, na pale kwenye timu alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja.

"Usiniite yaya hapa. Batasikia. Uniite tu jina."

Nilimkodolea macho. Mdogo kumwita mkubwa wake jina tupu kwetu ni kama kumvua shati mbele za watu. Amechukua umri wangu, shule yangu na kiwanja changu, na sasa hata heshima niliyobaki nikimpa hana haja nayo. Sikumwita jina wala yaya. Siku nzima nilimwita "wee".

Alipoingizwa uwanjani watu walicheka. Mtangazaji alikitaja kimo chake mara mbili ili wacheke tena. Jitu moja la upande wa pili likampapasa utosi, yaya akatabasamu. Dakika haikupita akalipokonya mpira, akapita chini ya mkono wake na kufunga, na ukumbi mzima ukasimama. Mimi nilibaki nimekaa. Mama akanivuta shati: "Simama, bon sang! Yaya yako iko nafanya muzuri!" Nikasimama, nikapiga makofi ya vidole viwili.

Mwishoni mwa mchezo akapewa mitupo miwili ya adhabu, na timu yake ilihitaji mmoja tu. Niliomba akose. Niliomba kweli, kwa jina la Bwana, nimefumba macho. Alikosa yote miwili. Utamu ulinipanda kifuani, kisha nikasikia mama analia pembeni yangu, nikamshika bega na kumwambia pole.

Mwaka uliofuata alihamia timu ya Buffalo, akapanga chumba na sebule Kenmore, kaskazini ya mji. Kocha wake alisema mbele yetu kwamba huyu bado kijana, muda anao. Mimi nilimwona alivyokuwa anashuka ngazi kwa ubavu, ameshika ukuta. Magoti yalikuwa ya mtu aliyemzidi yule wa kwenye karatasi kwa miaka mitatu, na huku Amerika ni sisi watatu tu tuliojua. Sentensi moja ya Kiingereza ingetosha kumrudisha Louisville, tukasimama wote kwenye ghala moja. Niliifanyia mazoezi nikiwa peke yangu garini. Ingetuharibia wote, pamoja na mama, hilo nililijua. Lakini sikuwa natafuta kumwangusha. Nilitaka kitu kimoja tu: mtu mmoja, wa nje ya nyumba yetu, aniangalie mimi kama wanavyomwangalia yeye.

Nilikipata Kenmore, mimi na mama tulipomtembelea, Jumamosi moja asubuhi, theluji imefika kwenye madirisha. Binti mmoja, mtangazaji wa televisheni ya pale, alikuja nyumbani kwa yaya na mpiga picha wake, kutengeneza habari ya mkimbizi mfupi anayecheza na majitu. Mama alivaa kitenge chake cha harusi akawapikia chai ya maziwa. Yaya alikaa kwenye kochi, barafu juu ya goti. Mama hajui Kiingereza, yule binti hajui Kiswahili, kwa hiyo mimi nikakaa katikati kutafsiri.

Maswali yalikwenda vizuri, mpaka binti akamuuliza mama ni nani aliyemfundisha mwanawe mpira. Nikamtafsiria mama. Mama akacheka.

"Kumufundisha? Hapana. Yaya njo alifundisha mudogo yake, kule kambini. Ule mudogo mpira ilikuwa inamupita, analia, yaya anamurudilia polepole."

Nikageukia kamera. Sikuongeza neno wala kupunguza. Nilisema kwa Kiingereza kwamba kaka mkubwa ndiye aliyemfundisha mdogo wake kule kambini, na mdogo alikuwa akilia mpira ukimpita, na mkubwa akimwonyesha tena, polepole.

Binti akashusha karatasi yake ya maswali. Mkubwa kati yetu, kwa jinsi alivyoandikiwa humo, nilikuwa mimi. "Kwa hiyo ni wewe!" akasema, mkono kifuani, na akaniangalia. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye magoti yangu yaliyokuwa hayana pa kukaa kwenye kistuli nilichokalia. Kamera nayo ikanigeukia. Moyo ulinidunda kwa raha, siwezi kudanganya.

Kisha nikamtazama yaya, maana lugha zote mbili anazijua. Alikuwa ameacha kuisogeza barafu. Nilisubiri acheke, aseme hapana, kuna kosa hapo.

"Ni kweli," alisema kwa Kiingereza. "Yote ninayoyajua yametoka kwake."

Binti akapangusa macho. Mama akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Anasema nini? Mbona anaangalia weye?"

Yaya ndiye aliyemjibu. "Anasema chai yako iko tamu, mama." Mama akafurahi, akamwongeza yule binti kikombe kingine.

Tulirudi Louisville kesho yake na yaya hakulitaja jambo lile, wala hajalitaja hadi leo. Alitusindikiza hadi kwenye gari, akasafisha theluji kwenye kioo upande wa mama, kisha upande wangu. Nilitaka kumwita yaya pale nje, kwa sauti, Kenmore nzima isikie. Niliwasha gari.

Habari ile ilirushwa, ikaingia kwenye simu za watu wetu kabla ya Jumapili. Kanisani ibada ni ya Kiswahili, na mchungaji alipomaliza matangazo akaniomba nisimame. "Huyu kijana," akasema, "njo alifundisha ndugu yake mudogo mupaka amefika kucheza na bazungu! Tumupigie makofi!" Mama alikuwa kwenye kiti cha pembeni yangu. Alikuwa ameshaanza kupiga makofi na wenzake, akaacha. Mikono akaiweka mapajani, akatazama mbele, kule kwenye msalaba. Hakuniangalia. Nilikuwa bado naweza kusema kitu, kipaza sauti kilikuwa hatua mbili kutoka nilipo, na kwa kimo changu hiyo ni hatua moja. Ibada ilipoisha watu walipanga mstari kunishika mkono, wazee kwa watoto, na kila mmoja nilimwambia asante.