Mackrine na Kitanda cha Kuvuta Mgongo

Kwenye gulio la Kihanga, kabla mgongo haujamgeuka, Mackrine hakuhitaji mizani. Aliinama, akaukumbatia mkungu wa ndizi, akaunyanyua hadi magotini, na kabla mwenye mkungu hajafungua mdomo bei ilikuwa imeshatajwa. Kwa mikono hiyo alitoka kwenye kuuza mbivu kwa ungo mpaka kujaza lori la Fuso.

Kisha maumivu yakamkaa kiunoni, yakashuka takoni, pajani, hadi kwenye kigimbi. Akisimama kidogo tu, mguu wa kushoto unakufa ganzi. Ikabidi binamu yake, Projestus, amnyanyulie mikungu na kumwambia uzito. Shida ni kwamba Projestus alikuwa akinyweshwa chai na wauzaji, na mkungu wa aliyemnywesha chai haukuwahi kuwa mwepesi. Kampire, mshindani wa Mackrine pale guliоni, ananunua ndizi. Mackrine ananunua upepo. Mambo yangeendelea hivyo, angerudi kwenye ungo.

Ndipo aliposikia kwamba Kayanga kuna kitanda kinachovuta mgongo bila kisu. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni pa kliniki hiyo.

"Shikamoo, mama," alisema Allen, binti mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Marahaba, mwanangu. Kitanda chenyewe ndicho hicho?"

Allen hakuwa na haraka. Alitazama picha za mgongo alizokuja nazo Mackrine, akamgonga magoti, akamwinua mguu mmoja mmoja, akamuuliza hata kuhusu haja ndogo. Kisha akaeleza: kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto, mmoja wa Mackrine umetokeza na kubana mshipa wa fahamu. Kitanda kitavuta taratibu, kitaachia, kitavuta tena, mshipa upate nafasi. "Si kila mgongo unakubali, mama. Tutachanganya na mazoezi, tuone."

Mkanda mmoja kifuani, mwingine kiunoni. Mashine ikanguruma, kitanda kikaachana katikati, na Mackrine akahisi kiuno kinaziaga mbavu. Akashika kingo za kitanda. Halafu, ajabu! Ule moto wa kwenye kigimbi ukaanza kupoa.

"Mwanangu, umeweka kilo ngapi?"

Allen akamtajia.

"Ah! Hizo ni za mkungu mchanga. Ongeza."

"Hapa hakuna nyongeza, mama."

"Na mimi nimetoka Kihanga!"

"Hata ungetoka Kigali. Misuli ikistuka itakaza, tuanze upya."

Mackrine akaachia kingo za kitanda. Mtu asiyeshusha bei alimjua akimwona.

Akaenda na kurudi, wiki baada ya wiki, na nyumbani hakuruka zoezi hata moja. Maumivu yakaanza kurudi nyuma kwa njia ile ile yaliyojia: yakahama kigimbi, yakahama paja. Asubuhi moja nyumba nzima iliamshwa na kelele.

"Unapigia kelele kiatu?" mumewe, Xaveri, alishangaa.

"Cha kushoto, Xaveri! Nimekivaa mwenyewe! Njoo uone!"

Siku ya kuagana, Allen akatoa sharti. "Kuinama na kunyanyua mzigo chini, basi tena."

Moyo wa Mackrine ukaanguka, lakini mdomo haukulala. "Chini, sawa. Na mzigo ukiwa juu?"

"Juu wapi?"

"Usawa wa kiuno. Niukumbatie tumboni, mgongo wima, niuinue kiasi cha kiganja tu, niurudishe."

Allen akafikiri. Akamsimamisha, akampa mfuko wa mchanga mezani, akamtazama akiinua mara kadhaa. "Hivyo hivyo. Ukihisi mguu, acha."

"Tumeelewana!"

Gulio lililofuata, Mackrine alishusha kutoka kwenye Fuso meza ya mbao, imara, usawa wa kiuno chake. Anayetaka kumuuzia, apandishe mkungu mwenyewe.

"Leo tunasali?" alipaza sauti Karekezi, muuzaji wa Kituntu. "Mama kaleta altare!"

"Basi weka sadaka yako, Karekezi."

Akaweka mkungu mpana wa kutisha. Watu wakasogea. Mackrine akaukumbatia, akauinua kiasi cha kiganja. Uzito ukamjia mikononi kama sauti ya mtu anayemfahamu. Mguu, kimya!

"Mpana, lakini mwepesi: chane zimeachana, ndizi zimekonda. Umekulia kivulini huu. Shusha, leta mwingine."

Watu wakaangua kicheko. Karekezi akashusha. Projestus akaweka kikombe cha chai chini.

Fuso lilikuwa karibu kujaa Kampire alipojongea, mkono kiunoni. "Dada, na mimi nipimie mikungu yangu hapo mezani?"

"Pima. Ila gulio zima, wa kwanza kuchagua mikungu ni mimi."

"Gulio zima! Chukua nusu."

"Hayo maumivu ya kiuno yanashuka mguuni?"

Kampire akatazama pembeni. "Mpaka kwenye kigimbi."

"Gulio zima, basi, na kesho nakupeleka mwenyewe kwa Allen."

Kampire akasonya, akacheka, akatoa mkono wa kukubali.