Springi Nilizokata Kabla ya Harusi

Mpaka leo simu ya mdogo wangu ikiita asubuhi mapema, naidaka mlio wa kwanza. Kabla hajamaliza salamu nimeshamuuliza, "Kuna nini?" Anacheka, anasema hakuna kitu, alitaka tu kujua kama huku mjini mvua imenyesha. Simwamini. Naanza kumpeleleza: mume mzima? Homa imeisha? Hamjagombana? Nahofia kwamba nilimharibia ndoa siku ile ile alipofunga, na niliiharibu kwa msumeno wa chuma, nyuma ya nyumba yangu Shanwe, mjini Mpanda.

Nina gari aina ya Mark Two la miaka ya tisini, jeupe, silinda sita. Nililinunua kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akilipakia magunia ya mahindi kwenda mashineni. Wenye akili hapa Mpanda wananunua pikipiki, au gari la mizigo. Mimi nilinunua gari lisilonisaidia kitu, nikalipenda kupita kiasi. Nililibadilisha taa, nikaagiza rimu pana zikaja kwa basi kutoka Mbeya zimefungwa kwenye viroba, nikachezea ekzosi mpaka jirani akaniuliza kama nina ugomvi naye. Jumapili jioni tunakutana watu wanne watano wenye ugonjwa huo huo, tunafungua maboneti na kusikiliza injini za wenzetu kwa makini kuliko tulivyosikiliza mahubiri asubuhi. Ukiniuliza faida yake, sina. Furaha ninayo.

Mdogo wangu alipochumbiwa huko Katumba tulikokulia, nilitangaza kwamba bibi harusi atapanda gari langu. Baba alishafariki, kaka mkubwa ni mimi, nani angenikatalia? Wiki moja kabla ya harusi nikalitazama gari nikaona limekaa juu juu, kama mtu aliyevaa suruali fupi. Nikatoa springi zote nne, nikazikata mzunguko mmoja na nusu kila moja. Likashuka mpaka tairi zikajificha. Nililizunguka nikitabasamu peke yangu.

Fundi wangu, mzee wa Kisukuma asiye na maneno mengi, aliinama akachungulia chini.

"Hili umelifanya la lami, kijana. Huko harusini mtapita angani?"

"Nitaenda polepole, mzee."

"Polepole haiongezi urefu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo naijua tangu darasa la pili, na haikunisaidia.

Kumbe kulikuwa na sharti, nalo nililisikia asubuhi ya harusi. Masenge, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada yake baba, alinishika mkono mlangoni. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa binti mdogo, na mambo ya kule hakuyaacha yote.

"Zamani kwetu bibi harusi alibebwa kwa machela," alisema. "Mguu wake haugusi udongo mpaka kwa mume. Sasa machela ni hii gari yako. Akishapanda pale kanisani, hashuki njiani. Akikanyaga njiani, amani yake inabaki hapo hapo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, masenge."

Mimi ni Mkristo, na masenge ni Mkristo kuliko mimi. Lakini yako mambo ambayo mtu hayaamini na bado anayaogopa. Ibada nzima sikusikia neno, nilikuwa naiwaza ile barabara.

Baada ya ibada bwana harusi alitangulia na pikipiki za wenzake ili ampokee mkewe mlangoni. Sisi tukafuata: mimi kwenye usukani, masenge kando yangu, bibi harusi nyuma na msimamizi wake. Malori ya tumbaku yalikuwa yameichimba barabara mifereji miwili, na katikati likabaki tuta refu lenye nyasi. Kila tulipofika pabaya niliwaomba masenge na msimamizi washuke, gari linyanyuke japo vidole viwili. Mdogo wangu alibaki ndani, mikono mapajani, shela limemfunika. Masenge alitembea kando ya gari akinung'unika kwa Kirundi, na nilielewa kila neno. Mara ya kwanza tukapita. Ya pili tukapita. Shati langu lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Mara ya tatu ndani ya zile nyasi kulikuwa na jiwe. Lilitoa sauti nzito, fupi, na nikajua kabla sijaona chochote. Ni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Muda si mrefu taa nyekundu ya oili ikawaka. Injini isiyo na oili ukiiendesha unaiua, hata dakika tano haimalizi.

Ngoma zilikuwa zinasikika. Mabati ya nyumba ya mume yalionekana kule mbele ya shamba la mahindi, kama kilomita moja hivi.

"Endesha!" masenge aliniambia kupitia dirisha. "Endesha, unangoja nini?"

Niliendesha. Labda mita hamsini, macho kwenye ile taa, roho mkononi. Injini ikaanza kugonga.

"Kaka," mdogo wangu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "zima gari."

Nikazima. Aibu yangu kubwa ni kwamba nilifarijika. Nilitoka mbio, nikajilaza kifudifudi kwenye vumbi na suti yangu, nikachungulia. Oili ilikuwa inachuruzika kwenye ufa wa urefu wa kidole. Nikaugusa ufa ule, nikamshukuru Mungu kwamba ni sampu tu. Nilipoinuka, bibi harusi alikuwa amesimama barabarani, viatu vyeupe kwenye udongo mwekundu. Masenge alikuwa ameweka mikono kichwani.

Walitembea. Mdogo wangu alishika gauni kwa mikono miwili, msimamizi akabeba shela nyuma. Mimi nilisema siwezi kuliacha gari peke yake, watu watachokonoa. Vigelegele vya kumpokea nilivisikia nikiwa nimekaa kwenye boneti.

Sampu ilichomelewa, springi nikanunua nyingine, na injini inaunguruma vizuri mpaka leo. Mwaka uliofuata mimba ya kwanza ya mdogo wangu iliharibika. Masenge alilitazama gari langu, kisha akanitazama mimi, na tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kuokoteza.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikaenda kwa mdogo wangu, nikamkuta anapukuchua mahindi uani, nikamwomba msamaha kwa kumkanyagisha njiani. Alinicheka.

"Kaka, mimba za watu zinaharibika hata wakiolewa kwa ndege. Hayo ni ya masenge." Akapukuchua hindi zima kabla hajaendelea. "Mimi kitu kimoja tu. Ulivyozima gari, nilifungua mlango nikakaa nakusubiri. Nilijua unakuja kunibeba. Nikaangalia, naona miguu yako tu, wewe uko chini ya gari. Ndiyo nikashuka."

Alilisema bila hasira, akaninyooshea hindi nimsaidie. Nililishika, nikapukuchua punje chache. Kilomita moja, barabara isiyo na kilima, na mdogo wangu wakati ule hakuzidi kilo hamsini. Ningemfikisha.