Neno Moja Katika Programu ya Binti Yangu

Nilikubali kubadilisha neno moja katika programu ya binti yangu bila kumwuliza. Ilikuwa rahisi kukataa. Ningesema tu tumsubiri mwenyewe.

Alikuwa amekiandikia programu hiyo kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa ufukweni, huku Ilemela. Kifaa kwenye nguzo kilipima unyevu na upepo; mvua ikikaribia, simu zao zilipata ujumbe waanue. Lugha aliyotumia ilikuwa na maneno ya Kiswahili mahali ambapo lugha nyingine za kompyuta zina alama. "Kama unyevu umezidi 85 au upepo unatoka ziwani, tuma ujumbe." Mimi niliyeishia kidato cha nne niliusoma mstari huo bila msaada. Kompyuta iliyoendesha programu hiyo ilikaa kwangu Kiseke. Yeye alikuwa ameolewa Mkuyuni, akaniachia nywila ili niiwashe umeme ukirudi.

Ujumbe ukawa unakuja mno. Wanawake walianua, jua likaendelea kuwaka, dagaa wasiokauka wakarundikwa mpaka wakaanza kunuka. Kwetu, mtu akikukosea, hata kama ana watoto wake, malalamiko unayapeleka kwa mzazi wake. Mwenyekiti wao akaja na wenzake wawili, wakanywa chai.

"Baba, simu ya mwanao inaogopa mvua kuliko paka," alisema.

Tulicheka. Walitaka jambo liishe siku hiyo hiyo, nami nilitaka kuonekana baba mwenye kauli. Programu ilisomeka kama barua, nikaisahihisha kama barua. Nikafuta "au", nikaweka "na". Tangu hapo ujumbe ungekwenda pale tu mambo yote mawili yatakapotokea pamoja. Niliona nimetumia akili.

Wiki mbili walinishukuru. Kisha Jumapili moja, wakiwa kanisani, mvua ikaja kutoka upande wa milimani. Unyevu ulizidi, lakini upepo haukutoka ziwani. Simu zikakaa kimya. Dagaa wa kikundi kizima walilowa, wakaishia kuwa chakula cha kuku.

Binti yangu aliitwa kikaoni. Alifungua kompyuta mbele yao, akasoma mstari ule, akanitazama. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Nikasema labda umeme umeiharibu.

"Kosa ni langu, mama zangu," aliwaambia.

Kifaa kiling'olewa wiki hiyo. Baada ya miezi kadhaa nilimweleza ukweli. Alijibu kwamba alijua tangu siku ile, akaendelea kukunja nguo.

Bado anakuja. Shikamoo baba, marahaba. Ananiletea sukari, anauliza habari za presha yangu, anaondoka. Zamani alikaa hapa barazani akinionyesha alichoandika mpaka chai ikapoa. Sasa nimesikia kwa mume wake kwamba ameanza kuandika programu nyingine, na sijui ni ya nini. Binti yangu haniamini tena. Hicho ndicho nilichokipoteza.