Sauti ya Marehemu Kwenye Sidii

Jamani, niliyoyafanya wiki jana hapa Msambweni yananizuia hata kupita njia kuu.

Kazi yangu ni kurekodi kanda za harusi na maulidi. Siku hizi kila mtu anasema "sidii". Hata muuza mihogo husema mihogo yake ni ya sidii, yaani bora. Nami nikalidaka neno, ingawa kisahani chenyewe cha muziki sikuwahi kukitumia.

Bi Mwanakombo, mjane jirani yetu, aliniletea kanda pekee yenye sauti ya mumewe akisoma Kurani. Alitaka isikilizwe kwenye arobaini ya marehemu.

"Kanda huliwa na mashine, mama," nikamwambia. "Nitakutilia kwenye sidii. Sidii haifi."

"Haya mwanangu. Nyinyi vijana ndio mnaojua."

Nikaazima redio kubwa ya mfanyakazi wa hoteli, pamoja na sidii yake ya muziki. Nilidhani sidii hufutika kama kanda. Nikaitia juu, kanda nikaitia chini, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, sauti nikaizima kabisa, nikangoja kwa maringo.

Siku ya arobaini uani palijaa watu. Nikawasha sidii. Likalia disko. Nikaizima kwa pupa, nikawasha kanda. Disko lilelile. Hapo nikaelewa kuwa redio ilikuwa imerekodi muziki wa sidii juu ya sauti ya marehemu.

Bi Mwanakombo akanisogelea.

"Geuza upande wa pili, mwanangu," akasema kwa upole. "Labda yuko huko."

Nikageuza, watu wote wakinitazama. Upande ule haukuwahi kurekodiwa kitu.