Wiki Nyepesi

Chuma kilinikwama kifuani, nikashindwa kukisukuma juu. Nilikuwa Gitega, nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea aliyetufundisha kunyanyua vyuma alivyoviunda mwenyewe. Sikuwa na pumzi ya kumwita. Alikuja mbio, akakinyanyua, akanikazia macho.

“We, wiki nyepesi ulipumzika kweli?”

Hiyo ndiyo amri yake: wiki tatu tunaongeza uzito na seti, ya nne tunapunguza ili misuli ipate kujijenga.

“Nilipumzika!” nilimjibu kwa hasira. “Nilienda Muyinga kwa mama, tukalima tu.”

“Wiki nzima?”

“Kutwa kucha shamba. Kwani kuna nini?”

“Na we unaita ile kupumzika?”

Nilitaka kumtukana. Sisi tuliorudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania tulililia lile shamba miaka yote. Nani angeona kulilima ni kazi?

Jioni nilimpigia mama, nikiwa bado nimefura, nikamweleza habari ya wiki nyepesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Na mimi, mwanangu, ya kwangu ni lini?”