Pumzi Ndani ya Helmeti ya Musa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungwa kitini nikaachwa peke yangu. Nilikuwa mshonaji wa viti vya magari katika gereji moja ya Kisenyi, jijini Kampala, Mkenya wa Bungoma, mjane, na sikuwa nimewahi kuona mbio za magari. Mkaguzi Mkuu wa usalama katika mbio hizo, askari mstaafu kutoka kaskazini ambaye sote tulimwita Afande, alikuwa akitafuta mtu anayejua uzi. Aliniketisha ndani ya gari lililovuliwa kila kitu, akanifunga mkanda wa mbio, ule wa kamba sita zinazokutana tumboni, kisha akaniamuru nijifungue huku nimefumba macho. Nilipapasa muda mrefu. Nilipotoka, alisema, "Mama Fundi, sasa wewe najua. Huko ndani mtu iko peke yake."

Madereva wetu hawakuwa wa kulipwa. Walikuwa wenye maduka, makanika, mwalimu mmoja wa Kamwokya, na magari yao yalikuwa yale yale ya kwendea sokoni. Kila mmoja alitaka kuongeza nguvu ya injini kwanza. Afande aliwarudisha nyuma: kwanza kichwa na helmeti yake, halafu kiti na mkanda, halafu fremu ya mabomba inayozuia paa lisikubane gari likipinduka. Mimi nilianzia kwenye mikanda. Jua hula uzi kimyakimya. Ukikunja utepe ukatoa manyoya, huo hautamshika mtu. Macho ya Afande yalipopungua, akanihamishia meza ya helmeti. Gamba la nje ni la kuonekana tu, alinifundisha. Kinachookoa ni sponji ngumu ya ndani, nayo hubonyea mara moja tu, haivimbi tena.

Musa aliuza spea Kisenyi. Mama yake ndiye aliyenipa sigiri yangu ya kwanza ya makaa nilipofika Kampala, kwa hiyo nilimwona kama mwanangu. Alikuwa dereva wa mkiani, mpaka aliponunua helmeti ya mtumba. Tangu hapo akaanza kushinda. Katika vumbi ambalo hata boneti ya gari lako huioni, yeye alikanyaga breki kabla ya kila kona. Nilimuuliza siri yake. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndani ya helmeti kulikuwa na mtu anayepumua. Pumzi ikikatika, kona iko karibu.

Siku alipoileta mezani kwangu ikaguliwe, ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, watu wakichoma mahindi kando ya barabara ya udongo wa muramu. Niliivaa. Nikasikia pumzi, nikajua ni yangu, maana kila helmeti hukurudishia pumzi yako. Nikabana pumzi yangu. Ile nyingine ikaendelea, taratibu, karibu kabisa na sikio langu la kushoto. Halafu ikakatika. Mguu wangu wa kulia ukakandamiza ardhi wenyewe, ukitafuta breki, nami nilikuwa nimesimama kando ya meza.

Niliivua, nikampa Afande. Alipitisha kidole gumba ndani, na upande wa kushoto kikazama.

"Hii ilishafanya kazi yake," alisema. "Kata."

Sheria yetu ilikuwa hiyo: helmeti iliyokataliwa hukatwa vipande viwili, isirudi sokoni. Musa alinishika mkono. "Mama, ukiikata, nani ataniambia kona?"

"Sikusikia kitu, mwanangu," nilimjibu. "Ni pumzi yako." Nikachukua msumeno. Ilipofunguka tuliona shimo kwenye sponji, ukubwa wa kipaji cha uso wa mtu. Musa alikuwa ameweka kiganja juu ya upande wa kushoto wa kipaji cha uso wake, bila kujua.

Nilimchagulia helmeti mpya, kizuia-shingo cha kuishika isirushwe mbele, na mkanda ambao niliukagua uzi kwa uzi. Katika mbio zilizofuata, kwenye kona iliyo nyuma ya mikaratusi, alifika bila kushika breki hata kidogo. Gari lilipinduka mara tatu. Nilimkuta ananing'inia kichwa chini, kifundo cha mkono kimevunjika, lakini shingo iko salama. "Ilikuwa kimya, mama," alisema.

Watu walisema nimemwokoa, na mama yake akaniletea kuku. Nilimla kwa shida. Najua kwamba kwa ile helmeti ya zamani asingeikosa kona ile. Najua pia kwamba kwa sponji ile, kishindo cha kwanza kingemuua. Yote mawili ni kweli, na sijaweza kuyapatanisha.

Sasa nimestaafu, niko Nakawa. Vidole vyangu havihisi tena uzi. Mwaka huu Musa alikuja kunisalimu, naye aliacha mbio zamani. Nikamwambia kwamba siku ile nami niliisikia ile pumzi. Hakukasirika. Alisema, "Nilidhani yule aliyeivaa kabla yangu ananionya. Baadaye nikaelewa. Alikuwa anaogopa, mama. Kila kona, alikuwa anaogopa."

Wakaguzi wapya huniuliza kama nilifanya sawa. Nawaambia ningeikata tena, bila kusita. Ila kabla ya msumeno, ningeivaa mara moja zaidi, nimwambie yule mtu kwamba mbio zimekwisha.