Saa Moja Tu

Mkata tiketi za ndege wa Milanzi, Sumbawanga, hupima safari kwa mkono. Kwenye ramani ya ukutani huweka kidole gumba juu ya Sumbawanga, akanyoosha kidole cha mwisho mpaka Mbeya, kisha humgeukia abiria mwenye hofu: "Ndege ni saa moja tu. Chai haijapoa, umeshafika." Wazee wa Kasense humuuliza, "Saa moja ya jioni?" Hapo hucheka mpaka khanga ikamdondoka begani, ndipo awaeleweshe kwamba huo ni muda wa njiani.

Leo asubuhi aliyepanda ni Sekela, bintiye, anapelekwa hospitali Mbeya akiwa hoi. Muda wa njiani umepita zamani, na simu ya Sekela haipatikani. Upepo unagongagonga mabati. Gumba liko Sumbawanga. Kile kidole kingine hakifiki Mbeya.

Mzee mmoja anaingia, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Eti ndege ya leo inafika Mbeya lini?"

"Saa moja," anajibu kwa sauti ndogo.

"Ya jioni?"

Hacheki. Anatazama jua la asubuhi pale mlangoni.

"Ndiyo, baba. Ya jioni. Bado kabisa."